Ugali Haukuwemo Katika Orodha

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kesho una miadi na mama lishe, atakuuliza kama kuna pilau. Kwetu mama lishe ni yule mwenye masufuria kando ya barabara, anayewashibisha mafundi na makondakta mchana kutwa. Huku Marekani baadhi ya wakalimani wa simu wamelichukua neno hilohilo wakamvisha mtu mwingine kabisa, yaani mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, mwenye digrii na leseni, ambaye daktari anakuelekeza kwake ukishaambiwa una kisukari au kwamba figo zimeanza kuchoka. Miaka hii mtu huyo mara nyingi humkuti ofisini. Anatokea kwenye kioo cha simu yako, nawe umekaa jikoni kwako.

Katika miji mitatu ninayoijua vizuri kwa sababu ya ndugu na kazi, Louisville, Columbus na Buffalo, nimewasikia wenzetu wengi wakimzungumzia mtu huyu kwa mzaha. Wanakubali miadi ya kwanza kwa adabu, wanaitikia ndiyo kwa kila linalosemwa, kisha ya pili hawapokei simu. Nadhani tunamkatia simu mapema mno, na sababu tunazo, ila nyingi kati ya hizo zina dawa. Kwanza tutazame alikotoka.

Chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilizaliwa Cleveland, Ohio, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka Columbus, mwezi wa Oktoba 1917. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilitakiwa kibaniwe ili kitoshe askari na raia. Wanawake wawili, Lulu Graves na Lenna Frances Cooper, wakawakusanya wenzao waliokuwa wakisimamia majiko ya hospitali. Graves akawa rais wa kwanza. Usidhani kazi yao ilikuwa ya upishi tu. Wakati huo kwa mgonjwa wa kisukari chakula ndicho kilichokuwa dawa pekee, na dawa yenyewe ilikuwa njaa: Dakta Frederick Allen wa New York aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo sana ili waongeze miezi au miaka michache. Walikonda wakabaki mifupa.

Insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921, Mmarekani wa kwanza kudungwa alikuwa James Havens wa Rochester, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Buffalo, mwezi wa Mei 1922. Kijana huyo alikuwa amenusurika kwa njaa hiyo ya kupimiwa. Akaishi hadi 1960, akajulikana kwa picha zake za kuchonga kwenye mbao. Lakini insulini haikuondoa haja ya kupima chakula, bali iliizidisha. Sasa ilibidi ujue umekula wanga kiasi gani ili ujue udunge kiasi gani. Dakta Elliott Joslin wa Boston alilielewa hilo mapema, akawa anawatuma manesi hadi majumbani kwa wagonjwa kuwafundisha. Kumfuata mgonjwa kwake basi si jambo lililoanza na intaneti.

Mwaka 1950 vyama viwili, cha kisukari na cha wataalamu wa lishe, pamoja na idara ya afya ya serikali kuu, vilitoa orodha ya kubadilishana vyakula. Mimi ni mhandisi, na orodha ile naiheshimu kama ninavyoheshimu jedwali zuri la vipimo. Vyakula viligawanywa katika makundi sita: maziwa, mboga, matunda, mikate, nyama na mafuta. Ndani ya kundi moja kila kipimo kilikuwa sawa na kingine, hivyo mgonjwa akichoka mkate anaubadilisha na viazi bila kuharibu hesabu. Kipimo kimoja cha kundi la mikate kina wanga wa gramu 15. Hesabu rahisi, inayofundishika hata kwa asiyesoma sana. Kasoro yake ni moja tu: iliandikwa kwa jiko la Mmarekani. Ugali haukuwemo. Matoke hayakuwemo. Baada ya miaka mingi ndizi za kupika na mihogo viliingizwa, lakini kazi ya kuutafutia ugali nafasi yake iliachwa juu ya mezani kati ya mgonjwa na mtaalamu wake. Hapo nitaparudia.

Usajili wa wataalamu hawa kwa mtihani wa kitaifa ulianza mwaka 1969, ndiyo maana ya zile herufi RD zinazofuata jina. Tangu 2013 wengine huandika RDN, ni cheo kilekile. Zitafute herufi hizo, kwa sababu wapo watu chungu nzima mitandaoni wanaojiita washauri wa lishe na kazi yao ni kuuza unga wa kwenye makopo.

Sisi nasi hatukuwa tumelala. Nyumbani Tanzania mafunzo ya afya kutoka mbali tuliyaanza kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya vikundi vya kusoma na kusikiliza nchi nzima, na inakadiriwa watu wazima karibu milioni 2 walishiriki. Kiongozi wa kikundi alikuwa na kijitabu, redio iliwekwa katikati, kipindi kikiisha watu wanajadiliana na kukubaliana watafanya nini: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975, baada ya ukame na upungufu mkubwa wa chakula wa 1973 na 1974, ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule wa redio na vikundi. Waliopita umri wa miaka sitini wanaweza kuikumbuka. Faida yake ilikuwa kwamba maneno yalikuwa yetu na vyakula vilikuwa vyetu. Mtangazaji hakuhitaji kuambiwa mchicha ni nini. Upungufu wake ni kwamba redio haimsikii mtu. Huwezi kuiambia kwamba mguu umekufa ganzi tangu juzi.

Wamarekani walianza na televisheni. Mwaka 1959 madaktari wa akili wa Omaha, Nebraska, walianza kutumia televisheni ya kuonana pande zote mbili, na mwaka 1964 wakaunganishwa na hospitali ya Norfolk, kilomita 180 hivi kutoka hapo. Ilikuwa ghali, na kwa miaka mingi mambo hayo yakabaki majaribio. Kentucky, jimbo la milima na vijiji vilivyotengana, ilipitisha sheria ya mtandao wa tiba kwa masafa mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Louisville kikawa mojawapo ya vituo vyake viwili vya mafunzo.

Jaribio linalonigusa zaidi ni lile la jimbo la New York lililoanza mwaka huohuo wa 2000, liitwalo IDEATel. Wazee 1,665 wenye kisukari, wa jiji la New York na wa sehemu za ndani za jimbo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa nyumbani kompyuta yenye kamera, iliyounganishwa na waya wa simu wa kawaida, pamoja na kipimo cha sukari na cha presha. Wakawa wanaonana na nesi au mtaalamu wa lishe kwa picha kila baada ya wiki kadhaa. Kundi la pili liliendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, na tena ya miaka mitano mwaka 2009, yalionyesha kundi la kamera limefanya vizuri zaidi katika sukari, presha na mafuta ya damu. Fikiria: wazee, wengi hawajawahi kugusa kompyuta, wengi wanaongea Kihispania, kwa intaneti ya kukwaruza ya wakati ule. Gharama ndizo zilizotisha.

Wakati huo huo bima ya wazee, Medicare, ilianza Januari 2002 kulipia tiba ya lishe kwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo: saa tatu mwaka wa kwanza, saa mbili kila mwaka unaofuata, kwa rufaa ya daktari. Mwaka 2006 ikakubali tiba hiyo itolewe kwa picha. Lakini soma maandishi madogo: mgonjwa alitakiwa kuwa eneo la shamba, na tena aende kituo cha afya akae mbele ya televisheni ya huko. Bibi wa Louisville au Buffalo, anayeishi mjini bila gari, hakuhesabika kuwa yuko mbali. Kwa mtunga sheria umbali ulikuwa maili. Mabasi mawili ya kubadilisha kwenye theluji hayakuwemo katika hesabu.

Mlango ulifunguliwa na korona. Machi 2020 serikali iliruhusu mgonjwa aonwe akiwa nyumbani kwake, mjini au shamba. Na kwa wenzetu wengi palipobadilika zaidi ni WIC, ule mpango wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo ulioanza kwa majaribio miaka ya 1970. Kwa familia nyingi za Kikongo na Kirundi mtu wa kwanza wa lishe kuonana naye Marekani alikuwa wa WIC, na ilibidi mama afike mwenyewe na watoto wake. Mwaka 2020 simu ikatosha.

Tukumbuke ni akina nani waliokuwa wakizipokea simu hizo. Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani na bara la Tanzania, Msumbiji na Malawi ya leo, na ambao wengine bado wanasema Kizigua, walianza kuletwa mwaka 2003. Wamo katika miji yote mitatu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walifuata kuanzia 2007, wakitokea makambi ya Tanzania. Kisha Wakongo: katika mwaka wa serikali wa 2016 peke yake waliingia Marekani wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Hawa ni watu waliokula mgawo wa kambi, unga na maharage na mafuta, miaka kumi, wengine ishirini. Kisha katika mwezi mmoja wamewekwa mbele ya duka lenye soda ya lita mbili kwa bei ndogo kuliko maziwa. Kisukari kikija kwa watu kama hawa tusiseme wamezidisha ulafi.

Ndipo tunafika kwenye ugali. Shangazi yangu anaishi Louisville, umri wake umepita sabini, na daktari alimpa rufaa. Miadi ya kwanza ilimpita kwa sababu ya saa. Mkalimani aliambiwa saa kumi asubuhi ya Kizungu, akasema vizuri kabisa kwa Kiswahili, saa nne. Kijana wa nyumbani aliyekulia huku akamwandikia bibi kwenye kalenda tarakimu 4, na saa kumi jioni wakakaa wanasubiri simu iliyokwisha kupigwa asubuhi. Kituo kikaandika kwamba mgonjwa hakutokea. Ningekuwa na uwezo ningeagiza kila mkalimani aseme saa zote mbili.

Miadi ya pili nilikuwapo, nimeshika simu. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, mpole, na mkalimani sauti tu.

"Shikamoo mama. Anauliza, kwa mlo mmoja unakula vikombe vingapi vya ugali?"

"Marahaba mwanangu. Mwambie ugali haupimwi kwa kikombe. Hebu asubiri."

Akainuka, akafunua sufuria, akakata tonge kwa mwiko akaweka sahanini kama anavyojipakulia siku zote, akanionyesha kwa mkono nimwelekezee yule binti kamera. Yule binti akaomba uwekwe kwenye mizani ndogo ya jikoni. Gramu 400. Akauliza unga kiasi gani na maji kiasi gani.

Ninawaandikia hesabu kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Unga wa mahindi una wanga wa karibu robo tatu ya uzito wake. Ukisonga sehemu moja ya unga kwa mbili za maji, ugali unaotoka una wanga wa takriban robo ya uzito. Gramu 400 basi ni gramu 100 za wanga, yaani vipimo sita na zaidi vya ile orodha. Mara nyingi mama mwenye kisukari hupangiwa vipimo vitatu au vinne kwa mlo. Sasa, mtaalamu asiyeujua ugali anatafuta chakula kinachofanana nao katika orodha, na Kentucky jibu liko karibu: uji mzito wa mahindi wa watu wa Kusini, uitwao grits, kipimo kimoja ni nusu kikombe. Lakini ule una maji mengi. Wanga wake kwa uzito uleule ni kama nusu ya ugali wetu. Atakuandikia ugali mara mbili ya unaostahili, sukari itapanda, naye ataandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Polenta ya Waitaliano iko karibu zaidi, ingawa nayo bado haisimami kama ugali wa mwiko. Na mwenzetu wa Kongo anayesonga unga wa muhogo ana hesabu yake tofauti, wanga zaidi na protini kidogo sana.

Yule binti hakumkataza shangazi ugali. Alimwambia ale nusu ya ile aliyoipakua, na nafasi iliyobaki ajaze mchicha. Shangazi akauliza, mchicha gani, huu wa kwenye mfuko wa plastiki? Bahati nzuri Louisville kuna bustani za Common Earth Gardens, mradi wa Catholic Charities, ambako wakimbizi wanalima mboga zao, ile ambayo Wakongo wanaiita lengalenga ikiwa mojawapo. Halafu wakaja kwenye chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, kijiko gramu 4: gramu 48, karibu sawa na ugali wote aliopangiwa kwa mlo mmoja. Shangazi alinyamaza. Nilivyomjua, angekuwa ofisini kwa mtu angesema anatumia kijiko kimoja. Jikoni kwake kopo la sukari lilikuwa linaonekana nyuma ya bega lake.

Hiyo ndiyo faida ambayo sidhani kama mtu yeyote aliipanga mwaka 2020. Sheria ililegezwa ili watu wasiambukizane. Kilichotokea ni kwamba kamera imeingia jikoni, mahali ambapo orodha ya 1950 haikuwahi kufika.

Si kila mahali jikoni panatosha. Buffalo, Mei 14, 2022, mtu mwenye chuki aliua watu kumi Weusi katika duka la Tops la Jefferson Avenue, na duka likafungwa hadi Julai. Ndilo lililokuwa duka kubwa la chakula la mtaa ule. Mtu wa lishe akikuambia ule mboga mbichi, na duka la kufikia kwa miguu ni la bia na viazi vya kukaanga, hajakosea, ila hajakusaidia. Tufani ya theluji ya Desemba mwaka huohuo iliwafungia watu ndani siku kadhaa. Mwenye insulini alihitaji mpango wa chakula cha kopo, na hilo ni jambo la kuuliza kabla theluji haijaanguka. Kadhalika Waislamu wa Columbus: mpango wa Ramadhani uombwe Shaabani, usingoje mfungo wa kwanza.

Kuhusu lugha, usimkalishe mtoto wako katikati. Sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu mahali panapopokea fedha za serikali kuu, na sheria ya bima ya afya ya 2010, kifungu cha 1557, imelipeleka hilo hospitalini kwa uwazi: mkalimani ni bure, na kanuni zake haziruhusu kumtegemea mtoto ila kwa dharura. Ukalimani wa simu hapa Marekani ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wakimbizi wa Vietnam walipokuwa wengi na polisi hawaelewani nao. Taja Kiswahili chako ni cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kupotezana kwenye neno dogo tu, na kwa Mbantu wa Somalia huenda Kizigua au Kimaay ndicho kinachotakiwa.

Ruhusa ya kuonwa nyumbani kwa wenye Medicare haijawa ya kudumu tangu ilipotolewa. Bunge limekuwa likiirefusha kipande kwa kipande. Tarehe 1 Oktoba 2025 serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti, ruhusa hiyo nayo ilikatika hadi Novemba 12, na vituo vingine vikaahirisha miadi. Wenye kura miongoni mwetu wanajua ofisi za wabunge wao zilipo.

Lipo na jambo la mipaka. Kinachohesabika ni mahali mgonjwa alipokaa, si alipo mtaalamu. Ohio ina leseni yake, ambayo tangu 2018 iko chini ya bodi ya madaktari ya jimbo. Kentucky ina bodi yake ya wataalamu wa lishe. New York inatoa cheti cha kulinda jina la kazi. Majimbo yameanza kutia sahihi mkataba wa kutambuliana, lakini usikisie. Na sisi ni watu wa kuhama: mtu anatoka Buffalo kufuata kazi ya ghala Columbus, miezi minane baadaye yuko Louisville kwa binamu. Kabla ya kufunga mizigo, muulize mtaalamu wako kama anaruhusiwa kukuhudumia jimbo unakokwenda. Kama haruhusiwi, mwombe nakala ya maandishi yake yote, na hakikisha humo ndani uzito wa ugali umeandikwa kwa gramu.